Mrejesho: michango ya arobaini ya mshikaji wangu wa Ujiji
Wakuu, niliwauliza kuhusu michango ya arobaini ya rafiki yangu tuliyekua naye Ujiji, kaacha mke na watoto watatu, tupike pilau la nguvu au tuwawekee watoto. Mlisema watoto kwanza, na shemeji nae kasema hivyohivyo. Basi tumesoma dua, tukala wali na migebuka, wale samaki wa Ziwa Tanganyika, ya pale mwaloni Kibirizi ikatosha kabisa, hela iliyobaki kashika shemeji mwenyewe ya sare na madaftari.

Kilichoniumiza ni yule mdogo, alikuja kavaa kandambili za baba yake zinampwaya, akaniuliza giza la mwezi likifika, ule wakati wavuvi wanaingia ziwani usiku, baba ataenda ziwani? Nikambeba tu. Jamaa alikuwa akitoka kuvua alfajiri lazima awaamshe watoto waone samaki kwanza, ndo akalale. Nimemmiss sana.