Msaada: asidi ya mgando wangu ni S au R?

Mtoto_wa_Kirumba
Wakuu, nipo Mwanza namalizia shahada ya pili. Nimetoa asidi ya laktiki kwenye maziwa ya mgando ya Magu, na msimamizi anataka niandike kama ni S au R, yaani ni umbo lipi kati ya mawili yanayofanana kama mkono wa kulia na wa kushoto. Kwenye polarimita (kipimo cha jinsi kimiminika kinavyogeuza mwanga) inageuza mwanga kulia, kidogo sana. Nikaifanya chumvi ya sodiamu, ikageuza kushoto! Nikajua nimeharibu. Rafiki aliye nje akanipimia kwa dikroizimu ya mviringo (tofauti ya jinsi inavyomeza mwanga unaozunguka kulia na unaozunguka kushoto): juu ya nanomita 260 mchoro umelala kama ziwa alfajiri, chini yake vurugu tupu. Nimekwama, na hela imeisha.

Sato_Mkavu
Pole ndugu, hujaharibu kitu. Kugeuza kulia au kushoto si S wala R. Asidi ya laktiki ya S, yaani L, inageuza kulia, na chumvi yake ya sodiamu inageuza kushoto ilhali atomi ziko palepale. Dalili zako zinaelekea S. Pasteur alitenganisha fuwele za mikono miwili mwaka 1848, lakini mkono upi ni upi haikujulikana hadi Bijvoet alipotumia eksirei mwaka 1951. Kwa hiyo usione aibu.

Dada_wa_Maabara
Mdogo wangu, uliiyeyusha kwenye nini?

Mtoto_wa_Kirumba
Ethili asetati dada, ileile niliyoitolea.

Dada_wa_Maabara
Basi ndiyo hiyo! Ethili asetati inameza mwanga chini ya nanomita 255 hivi, na kaboksili yako (kundi la asidi kwenye molekuli) inajionyesha karibu na 210. Unamtafuta sato kwenye tope. Iondoe bila kuchemsha sana (asidi hii ikikolea inajiunga yenyewe kuwa esta, na esta hizo zinageuza kushoto, utachanganyikiwa upya). Yeyusha kwenye maji, pH chini ya 2 kwa sababu pKa (pH ambapo nusu ya asidi imegeuka chumvi) ni 3.86, kyuveti (kichupa cha kupimia) ya kwatzi ya milimita 1. Omba na mstari wa volti ya kipokea mwanga: ukigonga dari, kinachochorwa hapo ni kelele. S inatoa kilima karibu na 210, R inatoa bonde. Pima na L ya dukani, hali ileile.

Mzee_wa_Bakteria
Kabla hujaandika S kwa wino: bakteria *Streptococcus thermophilus* anatengeneza L, *bulgaricus* anatengeneza D (yaani R), na kibuyu cha kienyeji kina wote na majirani zao. L na D zikilingana nusu kwa nusu, mashine inachora mstari bapa hata maji yawe safi namna gani. Kilima kidogo kuliko cha L ya dukani maana yake una mchanganyiko wa L na D. Tumia dehaidrojenasi ya L-laktati (kimeng'enya kinachogusa L tu) na msaidizi wake NAD, soma mwanga unaomezwa kwenye nanomita 340. Spektrofotomita ya kawaida inatosha, huhitaji kutuma kitu ng'ambo. Rudia na kimeng'enya cha D upate uwiano.

Mtoto_wa_Kirumba
Dah, nimecheka peke yangu kwenye daladala ya Buzuruga. Rafiki kaangalia: volti iligonga dari kuanzia nanomita 258 kushuka. Jumatatu naomba kimeng'enya maabara ya jirani, nitaleta mrejesho.