Naomba ushauri: cheti cha kupiga mbizi mapangoni kinatosha?

Wakuu, habari za jioni. Mdogo wangu amezoea kupiga mbizi hapa Dar, Mbudya na Bongoyo, maji ya wazi. Juzi karudi kutoka Meksiko na cheti cha mapangoni, kozi ya siku chache tu, na tayari anapanga kwenda tena, yeye na mwenzake ambaye ni mgeni wa mapango kama yeye.

Kanuni anazo kichwani: theluthi ya hewa kuingia, theluthi kutoka, theluthi akiba; taa 3; kamba moja mfululizo mpaka mlangoni. Sawa. Ila tope likitibuka huoni hata kiganja chako, na juu ni mwamba, huwezi kuibuka tu. Amewahi kuifuata kamba gizani akiwa na hofu ya kweli?

Wazoefu, baada ya kozi mlikaa muda gani kwenye mapango mafupi? Nimbane aende na mwongozaji, au namwonea?