MJADALA: Mashamba ya mwani Zanzibar yahamie maji marefu?

Mimi nasema yahame, ila kwa sharti nitakalolitaja.

Wanaopinga husema mwani ukipelekwa kwenye kina utakosa jua. Ni kweli mwanga hupungua kadiri unavyoshuka, na ndiyo maana mwani wa asili hujaa kwenye maji ya juu na kuwa haba chini. Mwaka 1984, huko Bahamas, mwani mwekundu ulikutwa umeganda kwenye mwamba mita 268 chini, lakini ule ni utando tu, si kitu cha kuvuna. Sasa, nani amesema kamba zizamishwe? Shamba la maji marefu huning'inizwa kwa maboya na nanga. Mwani unakaa karibu na uso wa bahari, jua unalipata, na chini yake mna mita kadhaa za maji yanayotembea.

Shida iko huku kwenye vigingi, yaani miti inayochomekwa ufukweni na kufungiwa kamba za mwani. Bamvua likipwa mchana, maji yanayobaki ufukweni ni ya kifundo cha mguu, nayo huchemka kwa jua. Kotonii, aina ya mwani yenye bei nzuri, haistahimili: hugeuka nyeupe, hulainika, hukatika. Kilimo hiki kilianza pwani ya mashariki ya Unguja mwaka 1989, kwa mbegu kutoka Ufilipino, na leo upande huo wengi wamebaki na spinosamu, aina nyingine ya mwani, kwa sababu inavumilia joto zaidi. Bei yake ni ya chini. Mkulima anafunga tai tai (vikamba vya kufungia mwani) zilezile, mgongo unauma vilevile, na fedha ni kidogo.

Sharti langu sasa. Wakulima wengi ni wanawake, na shamba la vigingi hulifikia kwa miguu maji yakipwa. Maji marefu yanataka chombo, na wengi wao hawakufundishwa kuogelea. Tukihamisha mashamba bila kuhamisha umiliki, mwenye boti ndiye atakayekuwa mwenye shamba, na mama aliyelima tangu ujana wake atabaki kuanika mwani wa mtu mwingine. Hilo silikubali hata kidogo. Boti ziandikishwe kwa vikundi vya wanawake, na mafunzo ya kuogelea na majaketi ya kuokolea maisha vitangulie kabla ya nanga ya kwanza kutupwa.

Anayetaka tubaki kwenye vigingi atueleze: kotonii itarudi vipi kwenye maji yanayozidi kupata joto? Na wenye boti, mko tayari kwa sharti hilo?