Tabora mji wa mikutano? Tulipeni kwanza hela ya chai

Wakuu, salaam. Humu huwa nasoma tu, leo nimeshindwa kunyamaza. Niko Tabora mjini, Isevya, kazi yangu ni upishi wa shughuli. Kikundi chetu kina wanawake 12, na kuna ofisi moja hapa mjini tunaidai hela ya chai tuliyowapikia mkutanoni, tangu mwezi wa tatu. Nitaeleza tangu mwanzo ili mtu asije akasema nimekurupuka.

Mwaka juzi tuliitwa kwenye kikao cha wadau. Wenye gesti, wenye bajaji, wapambaji, sisi wapishi, wote tukajaa ukumbini. Akasimama mshauri mwelekezi mmoja akatuonyesha picha ukutani. Alisema viwanda vya Tabora vimekufa na havirudi, lakini reli ya SGR inakuja, uwanja wa ndege umepanuliwa, kwa hiyo mji huu utaishi kwa mikutano. Akatoa mfano wa Katowice kule Poland. Mgodi wao wa makaa ya mawe ulifungwa 1999, na kwenye eneo lile lile wakajenga makumbusho na kituo cha mikutano kilichofunguliwa 2015. Desemba 2018 dunia nzima ikaenda pale kujadili tabianchi. Akataja na Essen, Ujerumani, mgodi wa Zollverein uliofungwa 1986, ambao sasa ni urithi wa dunia, na watu wanafanyia shughuli zao ndani ya majengo yale yale ya makaa.

Nilimwelewa sana, wala sikubisha. Hata hapa nchini upo mfano ambao hakuutaja. Majengo ya AICC Arusha yalijengwa kwa ajili ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya zamani. Jumuiya ikavunjika 1977, mwaka uliofuata yakawa kituo cha mikutano, na Arusha inakula kwa jasho hilo mpaka leo. Na Tabora si mji wa kufundishwa mikutano. TANU ilikutana hapa Januari 1958, Mwalimu akawashawishi wenzake wakubali kuingia kwenye uchaguzi wa kura tatu (kila mpiga kura achague Mwafrika, Mzungu na Mhindi), Zuberi Mtemvu akakataa akaenda kuanzisha chama chake. Uhuru wa nchi hii ulipita kwenye mkutano wa Tabora.

Kwa hiyo tulitoka pale tumejaa matumaini. Tukasajili kikundi, tukapata TIN, tukajiunga na NeST, mfumo wa zabuni za serikali mtandaoni (kijana wa stesheneri alitusaidia siku mbili nzima), tukapima afya wote, tukachukua mkopo wa halmashauri, ule wa asilimia 10 ya mapato yake ya ndani. Milioni 6. Tukanunua masufuria makubwa, hotpoti, sahani za udongo, vikombe, vitambaa vya meza. Mwenzetu mmoja aliuza mbuzi wake watatu ili tuongezee jiko la gesi.

Oda ikaja kweli. Mkutano wa siku mbili, watu 300, chai ya saa nne na chakula cha mchana. Tulikaa usiku kupanga menyu: wali wa mchele wa Igunga, kuku wa kienyeji, uyoga mkavu wa miombo wa kuunga kwa karanga, na chai iende na matobolwa (viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa) na asali. Tulitaka mgeni akiondoka ajue alikula Unyamwezini.

Zikiwa zimebaki siku tatu, simu ikapigwa. Chakula cha mchana amepewa mzabuni mwingine. Sisi tubaki na chai tu, tena ya siku ya pili, watu 80. Kuku tulishawalipia vijijini, wako kwenye matenga uani kwangu wanalia. Sababu? Tuliambiwa wageni ni wakubwa, wanahitaji watu wenye uzoefu.

Asubuhi ya mkutano likaingia Fuso kutoka Dar. Kuku wa kisasa waliogandishwa, mchele, maji ya chupa, hadi viungo, hadi wahudumu. Wapambaji nao wametoka hukohuko. Mshereheshaji naye. Sisi tukapangiwa kona ya nyuma karibu na jenereta.

Kilichonivunja moyo ni asali. Nilipita mezani kupanga vikombe nikaona chupa ndogo nzuri za asali, nikasema afadhali, hili wamekumbuka. Nikageuza kusoma: imefungashwa Dar es Salaam. Wakuu, mjini hapa kuna chuo cha ufugaji nyuki. Sikonge na Urambo mzee anakwenda porini wiki nzima, analala na moshi, anarudi na madumu ya asali. Halafu mgeni anayekaa Tabora analishwa asali iliyosafiri kwenda pwani ikarudi! Pengine ni ya mzee huyo huyo, sasa ina lebo.

Hapo ndipo nilipoelewa tunafanyiwa nini. Tumbaku tunalima sisi, inakwenda kusindikwa Morogoro. Pamba ya Igunga na Nzega ilikuwa na kiwanda cha nyuzi hapa hapa mjini. Mama yangu alifanya kazi mle. Alikuwa akirudi zamu ya usiku, nywele zimejaa manyoya ya pamba, mimi na mdogo wangu tunamchambua kabla hajalala. Kikabinafsishwa, kikasimama, na mama alikufa anadai kiinua mgongo. Miaka yote mali ya Tabora inaondoka ghafi. Sasa mmeleta mikutano, na mkutano nao unakuja umeshafungashwa Dar, unafunguliwa hapa siku mbili, unafungwa unarudi. Tunachobakiziwa ni kufagia ukumbi.

Yule mshauri alituonyesha nusu ya Katowice. Nilikwenda kutafuta mwenyewe kwenye simu. Mnara wa kushushia wachimbaji hawakuubomoa, uko palepale kwenye makumbusho, na historia ya watu wa pale inaonyeshwa chini ya ardhi, kwenye eneo la mgodi. Mgeni akifika anajua yuko kwa nani. Sisi mabanda ya viwanda yameota nyasi, hakuna hata mtu mmoja aliyeuliza kama yanaweza kuwa ukumbi. Kama mashine zinaweza kurudi, zirudi, ningefurahi kuliko mkutano wowote. Kama haziwezi, basi fungueni milango tuingie hata sisi watoto wa waliofanya kazi humo.

Na sheria ipo, tusidanganyane. Ununuzi wa umma unatakiwa kutenga asilimia 30 kwa vikundi vya wanawake, vijana, wazee na wenye ulemavu. Chai ya watu 80 kati ya mkutano mzima wa siku mbili ndiyo asilimia 30 ya wapi?

Ile chai yenyewe hatujalipwa. Kila tukienda tunaambiwa faili liko kwa mkuu, mkuu yuko safari, mhasibu yuko kwenye semina. Mzabuni wa Dar tumesikia alilipwa nusu kabla gari halijawashwa. Sisi LPO (hati ya oda) tunayo, risiti ya EFD tumetoa, kodi ya hela ambayo hatujaiona inatuhusu. Marejesho ya mkopo hayamsubiri mtu.

NIMERUDI, kuna mliouliza.

Aliyesema labda chakula chetu hakina viwango: ndugu yangu, tumepika harusi za watu 500 hapa Tabora, hakuna aliyelazwa hospitali ya Kitete. Uzoefu wa wageni wakubwa tutaupata wapi kama kila wakija mnatutoa jikoni?

Anayeshauri twende mahakamani: kudai chai ya watu 80 kwa wakili ni kuongeza deni juu ya deni. Halafu tukishaitwa wakorofi, nani atatupa oda nyingine? Hilo mnalijua vizuri nyie mnaofanya kazi na ofisi.

Kuku waliuliza wengi. Tuliwauza rejareja sokoni na kwa majirani, hasara. Watano walikufa kwenye matenga.

Na wewe kijana uliyeandika kwamba napinga maendeleo, naomba unisome upya. Nautaka mkutano. Nautaka SGR ifike, nataka gesti za Cheyo na Kiloleni zijae, nataka dereva wa bajaji apate abiria wa saa sita usiku. Ninachokataa ni kuitwa mdau siku ya kupiga picha na kuwa mtu wa nyuma ya jenereta siku ya kazi.

Marejesho yetu ni tarehe 15. Jumatatu asubuhi tunakwenda wote 12 kukaa mlangoni kwa mhasibu, na chupa za chai tutabeba zetu. Mwenye kikundi kingine anayedai kama sisi, anitumie ujumbe tuongozane.