Kijana kafa kwenye basi bovu, tukasema ni kudra. Hadi lini?

Mwanakombo
Juzi kwenye msiba msemaji wa familia kasema, "Ni kudra ya Mungu, siku yake ilifika." Wote tukaitikia. Gari lile lililomuua nililipanda wiki moja kabla. Tairi la nyuma lilikuwa kipara, limetoa waya. Nikamwonyesha konda, akanijibu, "Panda, mama, ajali haina kinga." Kudra hiyo ni ya Mungu au ya mwenye gari?

Dereva wa Masafa
Kila siku sisi. Tairi sinunui mimi! Nikigoma, tajiri ananiambia kuna mwenye leseni anasubiri getini.

Mwanakombo
Sijakutaja kaka yangu. Nimesema mwenye gari.

Dereva wa Masafa
Umemtaja konda. Konda na dereva chungu kimoja.

Abuu Salma
Kwanza tuweke maneno sawa. Kudra ni uwezo wa Mungu. Mnayoizungumzia ni kadari, yale aliyokwisha kuyapanga. Na hiyo "ajali" asili yake Kiarabu, ajal, muda wa mja uliowekwa. Kwa asili ya neno, konda hajakosea.

Mwana wa Ukerewe
Muda uliowekwa na nani, sheikh? Kivuko cha MV Nyerere, kilichozama 2018, kilisajiliwa kubeba watu 101. Waliokufa walizidi 220, hatua chache kufika gati ya Ukara. Unataka kuniambia aliyewajaza mle ni Mungu?

Abuu Salma
Usinitie maneno kinywani. Nimeeleza neno tu. Mtume aliulizwa kuhusu ngamia, akasema mfunge kisha mtegemee Mungu. Asiyefunga asisingizie kadari.

Mwana wa Ukerewe
Basi ungeanzia hapo.

Mpemba wa Wete
Mnaongea kirahisi. Meli ya Spice Islander ilipozama mwaka 2011 ikija kwetu Pemba, bibi yangu alikaa na kanga ya binti yake mapajani siku tatu, neno lake moja tu: "Ndivyo alivyojaaliwa." Mlitaka tumnyang'anye na hilo?

Mwanakombo
Bibi simgusi, na Mungu ampe subira. Mfiwa aseme lolote. Ninayemkatalia ni mwenye chombo anayekuja msibani na mchele na mafuta, halafu naye anasema kudra.

Mpemba wa Wete
Kwa hiyo tukatae na mchele?

Abuu Salma
Rambirambi hairudishwi. Hiyo ni adabu.

Mwana wa Ukerewe
Adabu gani! Mchele wa kufunga watu midomo?

Abuu Salma
Ndugu yangu, umelelewa wapi wewe?

Dereva wa Masafa
Mwanakombo, gari lenyewe ni Kosta, mlango wake unafungwa kwa kamba?

Mwanakombo
Ndilo. Kamba ya bluu.

Dereva wa Masafa
Nililikataa mwezi wa tatu. Jioni ile ile akapewa kijana mwingine.