Macho yote yanakimbilia katikati ya tundu, nimekosea wapi?

kijana_wa_maabara
Wakuu habari za jioni. Niko mwaka wa mwisho saikolojia, projekti yangu ni kufuatilia macho ya watu wakiangalia picha zilizokatwa maumbo, yaani skrini yote nyeusi halafu picha inaonekana kupitia tundu la duara, mraba au pembetatu. Picha ni za sokoni na vituo vya daladala, watu na vitu vimejaa. Nilitegemea kila mtu atatafuta sura za watu popote zilipo. Sasa nimetoa ile ramani ya rangi, nyekundu ndo walipoangalia sana, nimechoka kabisa, nyekundu yote iko katikati ya tundu! Kuna picha moja mama anakaanga samaki, yuko kushoto pembeni kabisa na karai lake linatoa moshi, katikati ni ukuta tu wenye tangazo limechanika, na watu bado wameanza na ukuta. Halafu kwenye pembetatu nyekundu imeshuka chini ya katikati kama sm 2, msimamizi wangu kasema mashine sikuiseti vizuri, nirudie wote. Watu 24 jamani, kila mmoja nimemnunulia soda. Nifanyeje?

MzeeLenzi
Pole dogo. Kabla hujarudia chochote, ulikuwa unawaonyesha nini kabla ya kila picha?

kijana_wa_maabara
Alama ya + katikati ya skrini, sekunde moja, halafu picha inatokea.

MzeeLenzi
Ndo hapo sasa. Mtu umemshika macho katikati mwenyewe halafu unashangaa umemkuta katikati 😂

Ila usidhani ukiihamisha hiyo + mambo yamekwisha. Mtafiti Benjamin Tatler alichapisha kazi yake 2007, alama ya kuanzia akaitawanya huku na huku, na picha nyingine vitu vya kuvutia vimelalia upande mmoja, bado macho yakawa yanakimbilia katikati mwanzoni. Na si ujinga wa macho. Nyoosha mkono uangalie kidole gumba chako, upana wake ni kama nyuzi 2 za pembe, eneo la kiasi hicho ndo unaona kwa makini kabisa, kwingine kote ni ukungu ambao jicho linaupitia kwa kurukaruka mara 3 hivi kwa sekunde. Ukianzia katikati, ule ukungu unakufikisha pande zote kwa usawa kabla hujaamua uruke wapi.

Kwa hiyo usitupe data. Chukua muda wa kuangalia kila picha uukate vipandevipande, nusu sekunde ya kwanza ramani yake, inayofuata ramani yake, usichanganye zote kwenye sufuria moja. Naweka dau la soda huyo mama wa samaki atatokea.

dada_takwimu
Naongezea. Skrini ina katikati yake na picha ina katikati yake, wewe umezilaza moja juu ya nyingine, hapo hata upige hesabu gani huwezi kuzitenganisha. Sogeza tundu. Markus Bindemann 2010 alizitoa picha katikati ya skrini, na mwanzoni macho yakavutwa na zote mbili, katikati ya skrini na katikati ya picha.

Kuhusu pembetatu, kimo chake ni ngapi?

kijana_wa_maabara
Sm 12. Mtu anakaa sm 57 toka kwenye skrini.

dada_takwimu
Basi mpelekee msimamizi wako hii kwa upole. Softiwea inahesabu katikati kwa boksi linalozunguka umbo, nusu ya kimo, yaani sm 6 toka kwenye kitako. Lakini kitovu cha uzito cha pembetatu, yaani pale ungeiweka juu ya kidole isianguke, kiko theluthi moja ya kimo toka kitakoni, sm 4. Tofauti ni sm 2 zako hizo hizo! Eileen Kowler na wenzake walishaonyesha kwamba jicho likirukia umbo la kawaida linatua karibu na kitovu cha uzito chake. Kwa duara na mraba vitovu vyote viwili vinakaa sehemu moja, ndo maana huko hukuona kitu. Na umbali wa sm 57 sm 1 ni sawa na uzi 1, kwa hiyo tunaongelea kosa la nyuzi 2, sielewi mashine ikosee hivyo kwenye pembetatu tu halafu kwingine iwe na adabu.

Usiniamini lakini, igeuze pembetatu kichwa chini. Nyekundu ikipanda juu, ni umbo. Ikibaki chini vilevile, rudi kwa msimamizi ukaombe radhi.

popo_mchana
Samahani naingilia, si kuna ule utafiti wa tundu linalotembea na jicho, wa sura za watu? Huo ulisema mila ndo inaamua mtu aangalie wapi.

MzeeLenzi
Huo ni wa Caldara na wenzake 2010, na ni mnyama mwingine. Tundu la dogo limetulia, jicho linatembea ndani yake. Lile la Caldara linafuata jicho kama tochi gizani. Walilitengeneza la nyuzi 2, 5 na 8. Kwenye yale madogo watu wa Magharibi na wa Asia Mashariki wote waliangalia macho na mdomo, hakuna cha mila hapo. Lilipofika nyuzi 8 ndo wale wa Asia Mashariki wakarudi kukaa katikati ya uso, maana sasa wakiwa hapo macho na mdomo wanavipata kwa pembeni. Ona sasa, ukubwa wa tundu ndo uliamua mila ionekane au isionekane.

kijana_wa_maabara
Nimerudi wakuu. Sina mashine mpaka Jumatatu ila data nimeikata kama Mzee alivyosema. Nusu sekunde ya kwanza ukuta tupu. Iliyofuata mama wa samaki yupo, na karai lake, na kuna mkono wa mteja hata mimi sikuwahi kuuona pale pembeni. Pembetatu ya kichwa chini naiandaa leo usiku, tundu nalisogeza pande nne. MzeeLenzi soda yako ipo, ila hao 24 wa mwanzo walishanimaliza kwa hiyo subiri mwisho wa mwezi.

MzeeLenzi
Iwe baridi.