Naomba ushauri: kujaza kurasa za JSP bila Tomcat

KijanaWaMabibo: Wakuu, salaam. Nina kurasa za JSP (HTML yenye vipande vya Java) za ankara za wateja. Nataka programu ya usiku izijaze na kuzituma kwa barua pepe, bila Tomcat (seva inayoziendesha) kabisa. Inawezekana? Usingizi sina, bosi anataka kuona Jumatatu.

FundiKodi: Mkuu, JSP si templeti tupu. Jasper, sehemu ya Tomcat, huigeuza kuwa sevleti (klasi ya Java inayojibu maombi ya wavuti) kwanza, na sevleti bila kontena (seva kama Tomcat) haina wa kuipa ombi wala pa kuandikia jibu. Hamia injini ya templeti kama FreeMarker au Thymeleaf. Hizo unazipa data na pa kuandikia, basi.

MzeeWaKigamboni: JSP ipo tangu 1999, vijana bado mnatafuta njia za mkato! Mimi nilihamishia zangu Velocity, injini nyingine ya templeti, kodi ya programu nikiipitia kwenye foleni ya pantoni. Kazi ni uvumilivu.

DadaSinza: Mdogo wangu, ndani ya hizo kurasa kuna nini?

KijanaWaMabibo: Tagi za JSTL (maktaba ya tagi za JSP), na jina la mteja linatoka kwenye sesheni (kumbukumbu ya seva kuhusu aliyeingia). FreeMarker naijua, ila kuandika upya hapana. Nimeshaanza kuunda HttpServletRequest (ombi la wavuti) bandia, na bosi nimemwambia programu itajitegemea.

ChumaChakavu: Sesheni ya nani saa nane usiku? Mteja kalala 😂

DadaSinza: Kwani hiyo Tomcat huwa mnaizima usiku?

KijanaWaMabibo: Hapana. Iko mashine hiyo hiyo.

ChumaChakavu: Chai hii! Uhangaike na ombi bandia wakati Tomcat iko macho pembeni yako? Weka kosa tulione.

KijanaWaMabibo: Si chai, ndugu. NullPointerException (kitu kinachoitwa ni null, yaani hakipo), _jspxFactory, mstari wa getPageContext.

FundiKodi: Hapo hajatunga. JspFactory.getDefaultFactory() inarudisha null kwa sababu Jasper haijawashwa, na kontena ndiyo huiwasha. Ukiziba hilo utadaiwa ServletContext (mazingira ya programu ndani ya kontena), kisha zile tagi.

DadaSinza: Programu yako iite ukurasa kwa HTTP humo humo kwenye mashine, ipokee HTML, itume. Jina lisitoke kwenye sesheni: weka sevleti ilisome kwenye hifadhidata, ilibandike kwenye ombi, ndipo ikabidhi JSP. Na njia hiyo isifikiwe kutoka nje, ankara za watu hizo!

KijanaWaMabibo: Lakini bosi nilishamwambia haitagusa Tomcat.

DadaSinza: Bosi anataka ankara zifike. Mwambie leo.

KijanaWaMabibo: Sawa dada, usiku huu najaribu. Ila ile klasi bandia siifuti kwanza.